Nitapataje habari za babu aliyekuwa mwigizaji?

Mjukuu, Lubumbashi: Wakubwa zangu, babu mzaa mama alizunguka na kikundi cha maigizo katika miji ya migodi kabla Élisabethville haijabadilishwa jina kuwa Lubumbashi mwaka 1966, lakini nyumbani imebaki picha moja tu. Nianzie wapi?

Jibu: Waendee wazee wa Kamalondo, mtaa wa hapo Lubumbashi, uwaulize kwanza vichekesho, si tarehe. Tumia pia majina ya zamani, kwa kuwa mji wa migodi wa Likasi uliitwa Jadotville.

Jibu: Naongeza kwamba maigizo ya huku mara nyingi hayakuandikwa, kundi la Mufwankolo, kwa mfano, lilikubaliana juu ya kisa, kisha waigizaji wakabuni maneno wenyewe. Kwa hiyo karatasi utazikosa (mimi nisingehangaika nazo), bali uliza kanda za redio.