Watoa huduma za intaneti mnachukua hela ya mwezi mzima, waya ukikatika mnatutelekeza. HII IMEZIDI!

Wakuu, habari za muda huu.

Nina steshenari hapa Mlowo, wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Nimefungiwa intaneti ya waya na nalipa kabla ya mwezi kuanza. Tangu wiki iliyopita taa ya LOS kwenye ruta inawaka nyekundu, yaani hakuna mwanga unaofika kutoka kwao. Tingatinga limekata waya barabarani, kipande kinaning'inia kwenye nguzo hadi leo. Nimekipiga picha, nimewatumia. Jibu lao: "Ndugu mteja, tatizo lako linashughulikiwa." Ukipiga tena anapokea mwingine, unaanza kueleza upya, naye anakwambia zima ruta usubiri dakika tano uwashe. Nizime ruta ili waya uliokatika ujiunge wenyewe?

Fundi yuko Mbeya. Kila siku "anakuja kesho".

Sasa sikilizeni kilichonifanya nifungue huu uzi. Hii ni wiki ya mwisho ya dirisha la kuomba mkopo wa chuo kutoka Bodi ya Mikopo, HESLB. Kaja binti aliyemaliza kidato cha sita, yeye na mama yake, kwa bodaboda kutoka Isansa. Wana bahasha ya kaki, ndani cheti cha kuzaliwa na cheti cha kifo cha baba. Wanaojua hizi kazi wanaelewa: vyeti vinahakikiwa kwanza na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwenye mfumo, ndipo unajaza ombi la HESLB, unalichapa, linasainiwa na kugongwa mihuri, halafu unaliskani na kulipakia tena. Nikawasha hotspot ya simu. Faili linazunguka, linazunguka, mfumo unatutoa nje, tunaanza upya. Bando likaisha nikaongeza. Hadi jioni hatujamaliza, yule mama akaniuliza kama warudi kesho. Nimwambie nini? Nauli yake nani atairudisha? Na dirisha likifungwa, huyo mtoto atasomeshwa na nani?

Serikali imehamishia karibu kila kitu mtandaoni. Maombi ya ajira mtandaoni, leseni ya biashara kwenye mfumo wa TAUSI, namba ya mlipakodi (TIN) mtandaoni. Mimi siipingi, inaokoa safari nyingi. Lakini maana yake kampuni inayouza intaneti katika mji mdogo kama huu imeshika mlango wa huduma za umma. Mlango ukifungwa, wanaobaki nje ni watu wa vijijini wasio na laptopu wala simu ya maana.

Na asije mtu hapa kusema "hiyo ni biashara binafsi, hama". Nihamie wapi? Kwa waya ziko kampuni ngapi huku? Halafu ubinafsi gani huo? Mkongo wa Taifa, yaani waya mkuu wa mawasiliano unaofika hadi mpakani Tunduma, umejengwa na serikali. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, upo kwa sheria ya mwaka 2006, na unatoa ruzuku kwa kampuni zifikishe mawasiliano vijijini. Mei 2023 zilisainiwa Dodoma ruzuku za minara 758 katika kata 713. Hela ya umma imo humo. Basi na umma una haki ya kuuliza.

Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini nchi nzima iliyumba. Tuliambiwa tatizo ni nini na liko wapi, tukavumilia. Sisi siyo watu wasioelewa kwamba waya hukatika. Tunachokataa ni kudanganywa "linashughulikiwa" wakati hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kuutazama.

Na hayo mabando ya kukimbilia! MB zinakufa saa sita usiku nikiwa bado nazo. Mwaka 2021 watu walipiga kelele vifurushi vilipopanda, serikali ikasitisha bei mpya. Kwa hiyo kelele zinasikika, tusikae kimya.

Ninachodai hakihitaji mkutano. Siku zote ambazo sikuwa na huduma ziongezwe kwenye mwezi wangu au nirudishiwe hela, bila kuombaomba. Fundi akae mkoani Songwe. Waya ukikatika tutumiwe ujumbe wa kweli: umekatika wapi, unaungwa lini. Na hiyo shule ya sekondari ambayo nguzo zenu zinapita pembeni ya uzio wake, iunganishieni. Waya tayari upo hapo.

Malalamiko nimeshayapeleka kwao kwa maandishi, maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanataka uanzie kwa mtoa huduma. Wasiponijibu yanakwenda TCRA, nakala kwa Baraza la Watumiaji wa huduma za mawasiliano. Aliyewahi kurudishiwa hela ya siku alizokosa huduma aniambie aliambatanisha nini. Na mlioko Vwawa, Tunduma na Itaka wenye shida hii, andikeni hapa tarehe mtandao ulipokatika na mlichojibiwa, niziambatanishe zote.