Tupeane uzoefu: mlohama nchi wawili, mke na mume, mlipiga bajeti gani na ikaja ngapi?

Mke wa Fuoni (mwenye mada)
Assalaam alaykum. Mume wangu kapata kazi Muscat, inshaallah baada ya Idi nnamfata. Tuko wawili tu, mtoto bado. Kila nikikaa na kalamu naona hesabu hazikai, mana kuna wanonambia kwa mshahara ule mtaishi raha mustarehe na kuna wanonambia mtakuwa mnakopa kila tarehe ishirini. Nimeingia Numbeo, tovuti ya bei za maisha, nikaona bei za mchele, maziwa, kodi ya chumba kimoja, lkn bei zile wanaziingiza watu wenyewe wanopita humo na sijui aloandika anakula vipi. Mlotangulia, Oman, Dubai, Ulaya, popote, mwageni hapa. Nataka za pesa hasa, za kumtegemea Mungu tushazijua.

Bi Seeb
Waalaykum salaam mdogo wangu, karibu Oman. Anza hivi: kaa uandike vitu vyote mnavotumia hapo Fuoni ambavyo hamvitoi mfukoni. Nyumba ya mkwe, hamlipi kodi. Nazi zinatoka shamba, mihogo vilevile, samaki wifi akipata anakuletea fungu, Ramadhani mnafuturu kwa mama nusu ya mwezi. Mtu akikuuliza unatumia ngapi kwa mwezi hutaji hata kimoja katika hivo, mana hujavinunua. Huku vyote vina bei. Mie jikoni kwangu kilichonishangaza ni nazi, kwetu nilikuwa nakuna mbili kwa sufuria moja ya mchuzi wala sifikirii, huku nikawa nasimama dukani na kopo la tui mkononi nageuza kuangalia bei, nikaanza kupika mchuzi wa tungule tupu siku za kati ya wiki na wali wa nazi Ijumaa tu. Samaki usihofu, nguru na jodari wapo tele, nenda sokoni asubuhi. Na wazee wengi wanazungumza Kiswahili kushinda sisi, utapatana bei kwa lugha yako.

Jengine, rial isikudanganye. Rial moja ni baisa elfu moja, na imefungwa na dola, rial moja ni kama dola 2.6. Ukiambiwa baisa mia tano unaona chenji tu, kumbe ni zaidi ya shilingi elfu tatu za kwetu. Mwezi wa mwanzo piga kila kitu kwa shilingi ili ushtuke, halafu acha, mana ukiendelea hutokula.

Umeme utenge mara mbili. Bajeti ya Januari na ya Juni ni watu wawili tofauti, joto linapita nyuzi 40 na AC haizimwi, na weye utakuwa nyumbani mchana kutwa wakati mume yuko kazini kwenye AC ya bosi. Na gari. Muscat imejinyoosha baina ya milima na bahari, kutoka Seeb mpaka Ruwi ni safari, mabasi ya Mwasalat yapo lkn hayafiki kila uchochoro. Nyumba ya bei rahisi ilo mbali na kazi piga na mafuta yake ndo ujue bei yake ya kweli.

Mpemba wa Sharjah
Hapo pa nyumba namuunga mkono Bi Seeb. Sie tulianzia Dubai. Watu wote wanakuuliza "kodi ngapi kwa mwezi" na huku kodi ni ya mwaka, mnagawana kwa cheki, moja, mbili, nne, mwenye nyumba anavotaka. Wacha nikupe mfano, nyumba ya dirham 40,000 kwa mwaka, cheki nne. Cheki ya mwanzo 10,000. Dipoziti ya nyumba tupu kwa kawaida asilimia 5, ni 2,000, yenye fanicha asilimia 10. Dalali mara nyingi nae asilimia 5, 2,000 nyengine. Dipoziti ya umeme na maji kwa fleti 2,000. Jumla 16,000, zaidi ya milioni kumi za kwetu, na hapo hamjalala hata usiku mmoja wala hamna kijiko. Halafu kwenye bili ya umeme kila mwezi kuna asilimia 5 ya kodi ya nyumba inakatwa ya manispaa, kwa mfano huo ni dirham 166 na ushee kila mwezi hata ukikaa gizani.

Tukahamia Sharjah kodi ikashuka kweli, lkn mke wangu kazi yake Dubai, foleni asubuhi na jioni, na geti za Salik za kulipia barabara, saa za msongamano ni dirham 6 kila ukipita. Kwa pesa tumefaidi kidogo. Kwa usingizi hatujafaidi.

Mwanafunzi, Leicester
Uingereza mambo yake yanakuumiza kabla hujapanda ndege. Nilikuja kwa PhD pamoja na mke wangu (siku hizi masters za kawaida mwenza haji tena, tangu Januari 2024). Ile ada ya afya ya visa ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi na kwa mwenza wake vilevile, na inalipwa yote pamoja siku ya kuomba. Visa ya miaka minne watu wawili ni pauni 6,208. Juu yake pesa ya kuonesha ya mwenza, nje ya London pauni 680 kila mwezi kwa miezi tisa, jumla 6,120, ikae akaunti siku 28 bila kuguswa. Ilibidi tuzungukie ukoo mzima.

Mkishafika ndo mnaona faida ya kuwa wawili. Kodi ileile, hita ileile, sufuria ileile. Council tax, kodi ya nyumba ya manispaa, mie mwanafunzi sihesabiwi, na mke wangu nae hahesabiwi mana visa yake haimruhusu kuchukua misaada ya serikali, kwa hivo tumesamehewa yote. Wengi hawaombi msamaha huo, haujileti wenyewe. Mita yetu ya umeme ni ya kununua kabla kama tukuza ya kwetu, tafauti ni kuwa kuna malipo ya kila siku yanakatwa hata hamjawasha taa, mkenda Unguja kiangazi mkirudi mita ishakula.

Kibokoni
Nyinyi mnazungumzia mbali. Mie nimeolewa Mombasa hapo tu na nlidhani ni kama kuhamia Ng'ambo. Chakula sawa, kodi sawa, dipoziti ya mwezi mmoja, bas. Kilonitoa jasho ni maji. Mtaani kwetu bomba linatoka linapotaka, maji ya kisima yana chumvi, ya kunywa na kupikia tunanunua kwa mitungi ya lita ishirini anakuja nayo mtu na mkokoteni. Muulizeni jirani kuhusu maji kabla hamjamuuliza mwenye nyumba.

Ontario
Fupi tu: bei ilobandikwa dukani sio unayolipa, ongeza asilimia 13, isipokuwa vyakula vingi vya kawaida. Na kuingia nyumba wanataka kodi ya mwezi wa mwanzo na wa mwisho pamoja. Makoti ya baridi nunueni huku, ya Darajani hayafai kitu.

Mzee wa Chake
Nimesoma yote, hamna hata mmoja alotaja nyumbani. Mkishavuka bahari nyinyi ni matajiri, mtake msitake. Harusi, maziko, hitma, bati la skuli, mtoto wa shangazi anakwenda hospitali Dar. Na wanandoa wana nyumbani kuwili! Mimi na mama watoto tulipokuwa Muscat tuliweka fungu la michango, kila upande sawa, likisha tunasema limekwisha mpaka mshahara mwengine. Kabla ya hapo tulikuwa tunagombana kila wiki, na ugomvi wenyewe sio wa pesa, ni wa mama wa nani kapewa nyingi.

Mke wa Fuoni (mwenye mada)
Mzee wangu shikamoo, hapo umenigusa, leo jioni nalifungua hilo na mume kwa simu. Bi Seeb swali la mwisho, nyumba tupu au yenye fanicha?

Bi Seeb
Tupu. Kila siku kuna watu wanaohama wanauza friji, mashine ya kufulia, makabati, makochi, kwa bei ya kutupa mana tiketi ishakatwa. Godoro tu nunua jipya. Na mwambie mume akakague AC zote kabla hajatia saini, aziache zinaunguruma robo saa kila chumba, na kwenye mkataba iandikwe nani anatengeneza zikifa.