Mrejesho: binti yangu aliyezibwa kaakaa

Wakuu, salaam. Niliwahi kuuliza kama binti yangu, aliyezaliwa na mpasuko wa mdomo hadi kaakaa, angekuja kuongea vizuri, maana alizibwa akiwa mdogo lakini bado alikuwa anasemea puani. Wengi mliniambia nisubiri akue. Sasa ana miaka 9, na kusubiri peke yake kusingesaidia kitu.

Daktari alikuta hakuna tundu lililobaki kwenye kaakaa. Shida ilikuwa kaakaa laini: fupi, halifiki nyuma kufunga njia ya pua anapotamka. Ndiyo maana "p", "b" na "s" zilitoka na hewa puani. Mazoezi ya matamshi yalimwondolea tabia ya kutamkia kooni, ila hewa ile mazoezi hayaizibi. Ilibidi upasuaji wa pili. Sasa hata wageni wanamwelewa. Akichoka king'ong'o kinarudi kidogo, na bibi yake anasema yeye anakipenda.

Ambalo hakuna aliyelitaja ni masikio. Shuleni walimwona mzito wa kuelewa, kumbe majimaji yalikuwa yamejaa nyuma ya ngoma ya sikio, na kwa watoto hawa hutokea sana. Mpeleke mwanao apimwe usikivu hata kama halalamiki maumivu!

Kinachofuata ni ufizi: watachukua mfupa kidogo nyongani wazibe pengo la mpasuko lililobaki kwenye ufizi kabla jino la chonge halijaota. Taya la juu nalo linaweza kudumaa, kwa hiyo kliniki tutaendelea nayo hadi amalize kukua.