Naombeni ushauri: nyimbo za mwanzo za Mwenda Jean Bosco nizisikilizeje?

Wakuu habari, naombeni msaada kwa wanaojua gita kavu. Mwezi sasa nimekwama kwa Mwenda Jean Bosco, yule mpiga gita wa Katanga, Kongo, hasa zile nyimbo alizorekodiwa na Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi muziki, kule Jadotville, siku hizi Likasi, mwaka 1952. Wimbo wake wa Masanga nimeurudia sijui mara ngapi, nikaapa kabisa wapo wawili wanapiga, kumbe ni mtu mmoja, gumba linashika besi halafu kidole cha shahada ndo kinaimba juu, basi!!

Sasa shida yangu. Mimi nimezoea gita la umeme la rumba, kwahiyo masikio yangu yanakimbilia zile nyuzi nyembamba, besi inanipotea, na nikijaribu kupiga mwenyewe gumba linafuata kidole kama mkia, kila kimoja kikigoma kwenda njia yake. Nianze na gumba peke yake mpaka lizoee au nipeleke vyote pamoja taratibu? Halafu kile Kiswahili chake cha Katanga nakisikia nusu nusu, ila sauti inanifurahisha hivyo hivyo.

Na jingine, zile rekodi zina mkwaruzo wa santuri, kuna jamaa ananiambia nitafute zilizosafishwa ila mi naona zikisafishwa sana hata ule mguso wa kidole kwenye uzi unafifia, au ni ushamba wangu tu? Na nikitoka kwa Bosco nihamie kwa Losta Abelo, mpiga gita mwingine wa Katanga, au kwa Edouard Masengo, binamu yake Bosco?