Nimempita mama yangu umri. Nipake piko mara moja tu kwa ajili ya harusi ya binti?

FundiWaTanga

Habari za jioni dada zangu. Nina miaka 49, ni fundi cherehani, niko Tanga. Binti yangu wa kwanza anaolewa Desemba na sare zote za upande wetu nashona mimi. Swali langu ni la nywele, ila nivumilieni nianzie mbali kidogo.

Mvi ya kwanza niliiona nikiwa na miaka 37, juu ya sikio la kushoto. Nikaing'oa. Kufika 39 zilikuwa zimeshakuwa nyingi, za kung'oa haziishi, ndipo nikaanza piko. Kila baada ya wiki tatu, watoto wakishalala, nakaa uani na kibakuli na mswaki wa zamani, napaka kuanzia usoni kurudi kisogoni. Miaka kumi sasa. Mume wangu anajua napaka, lakini kichwa changu kikiwa cheupe hajawahi kukiona.

Mwezi uliopita nilipaka kama kawaida. Usiku kucha kichwa kiliniwasha. Asubuhi masikio yamevimba, kope zimejaa, na pembeni ya paji la uso panatoka majimaji. Siku nne sikufungua kibanda. Baada ya hapo nikaogopa kupaka, mizizi ikaanza kutoka. Siku hiyo nimepanda daladala ya Mikanjuni, upepo wa dirishani ukanivuta mtandio, konda akamwambia kijana aliyekaa mbele yangu, "Mpishe bibi akae." Alisema kwa adabu kabisa, na kijana akasimama. Nikakaa. Njia nzima nilitazama nje maana machozi yalikuwa yananilenga.

Uzee wenyewe siuogopi. Miwani ya kusomea niliipokea vizuri tu. Uzi wa sindano natungiwa na mwanangu wa mwisho, na lile joto linalopanda ghafla kifuani hadi kichwani nimelizoea, nafungua dirisha, linapita, naendelea na mshono. Ila nywele zimenishinda, na nimekaa nikajiuliza kwa nini.

Mama yangu alifariki akiwa na miaka 44. Mimi nilikuwa na 19. Wenzangu wa rika hili wakijitazama kwenye kioo husema, "Jamani, nimekuwa mama mtupu," na wanacheka. Wana uso wa kufuata. Uso wa mama yangu umeishia kwenye picha moja ya studio, amesuka twende kilioni, nywele nyeusi tii. Tangu nilipopita miaka 44, nikisimama kwenye kioo sijui natazama sura ya nani. Nikipaka piko naiona ile picha. Nikiacha, nakuwa mkubwa kuliko mama yangu mzazi, na hilo linanitia huzuni nisiyoweza kumweleza mtu hapa nyumbani.

Sasa binti kaniambia, "Mama, ukija na mvi, kwenye picha watadhani wewe ni bibi yangu." Hakusema kwa ubaya. Na jirani ameniletea kikopo cha krimu, hakina maandishi yoyote, anasema itanitoa makunyanzi na kunitakatisha uso ndani ya wiki mbili.

Nipake piko mara hii moja tu? Na nyinyi mlio umri huu, mnajionaje? Naomba msiniambie uzuri ni wa moyoni. Najua, lakini moyo haupigwi picha.

MuuguziMoro

Pole sana dada. Mimi ni muuguzi, nina miaka 52. Nitaanza na la hatari: usipake piko tena, hata hiyo mara moja. Ndani ya piko kuna kemikali ambayo kwenye maboksi huandikwa kwa kifupi PPD. Mtu anaweza kuitumia miaka kumi bila tatizo, halafu siku moja mwili ukaikataa, na ukishaikataa hausahau. Mara ya pili huja kwa nguvu zaidi. Hayo masikio na kope ndiyo onyo lenyewe. Kama siku moja uso wote utavimba au pumzi itabana, hiyo ni ya kukimbilia hospitali usiku huohuo. Na uliyonayo ndani usiiache mahali mtoto anafika. Piko ikinywewa huvimbisha ulimi na koo, huharibu figo, na watu wamekufa kwayo.

Krimu ya jirani mrudishie. Kikopo kisicho na maandishi kinachong'arisha uso kwa wiki mbili mara nyingi kina zebaki, au haidrokwinoni, au dawa kali za steroidi. Uso unatakata mwanzoni, kisha ngozi inakuwa nyembamba na viungo vya vidole vinabaki vyeusi. Naona akina mama wa umri wetu wanaoficha mikono chini ya mtandio.

Hilo joto la ghafla ni hedhi inayoelekea kukoma. Homoni ya estrojeni inashuka, na ngozi nayo inapoteza unene na unyevu, wengi wetu huona uso umebadilika ndani ya mwaka mmoja au miwili tu. Hujafanya kosa lolote. Mafuta mazito ya kawaida na kujikinga na jua la mchana yanakutosha.

La mama yako sina dawa yake. Nimelisoma mara mbili.

DadaMapokezi

Mimi nina 46, nakaa mapokezi hotelini Dar, na nitasema tofauti kidogo. Mnaosema acha, wengi hamkai mbele ya watu kwa mshahara. Mwaka juzi nilikaa miezi miwili bila kupaka rangi, meneja akaniuliza kama sijisikii kuhamia nguoni, kule nyuma kwenye kufulia. Nikaelewa. Nikarudi kwenye rangi wiki hiyohiyo na sijaacha. Sijioni mzee, ila nimeona jinsi wanavyoniona, na nina ada za watoto wawili.

Dada fundi, kama piko imekukataa, tafuta zile za boksi zilizoandikwa hazina amonia. Harusi ya mwanao ni siku moja maishani. Pendeza.

MuuguziMoro

Dada Mapokezi, hilo la meneja limeniumiza, na sikulaumu hata kidogo. Ila isiyo na amonia bado inaweza kuwa na PPD ndani yake. Hata zile zilizoandikwa hazina PPD, nyingine zina kemikali ya ukoo mmoja nayo, na aliyekataliwa na hii mara nyingi hukataliwa na ile. Kwa huyu mwenzetu nisingejaribu.

MamaAsumini

Salaam kutoka Mombasa. Dadangu, mimi nina miaka 58 na kichwa changu ni chekundu kama shaba, na sijapata kuitwa ajuza mbele yangu. Napaka hina. Unga wa majani, nauvuruga kwa chai ya rangi na ndimu, naulaza usiku, asubuhi najipaka na kukaa nao mpaka adhuhuri. Mvi ndizo zinazoshika vizuri kuliko nywele nyeusi, kwa hiyo pale ulipokuwa unaona aibu ndipo panapong'aa. Lakini uwe macho: hina safi harufu yake ni ya majani, haitoi weusi, na haina haraka. Ukiuziwa "hina nyeusi" ya nusu saa, hiyo ni piko imebadilishwa jina.

Kwa sisi Waislamu hili si jipya. Imo katika Sahih Muslim hadithi ya Abu Quhafa, babake Abubakar, alivyoletwa siku ya kufunguliwa Makka, kichwa na ndevu vyeupe kama ua, na Mtume (SAW) akaamrisha zibadilishwe rangi, weusi uepukwe. Wanazuoni wamehitalifiana kuhusu huo weusi na siingii humo. Ninalolishika mimi ni kuwa kuzibadilisha mvi hakukukatazwa, na mwanamke wa makamo anayejipamba hajivunjii heshima. Mamangu alifika miaka 80 na kila Ijumaa alijipaka wanja na kuvaa kikuba cha asumini. Hakuwa akijifanya msichana. Alikuwa akijipenda.

Sasa la mamako. Umesema huna uso wa kufuata. Je, mamako hakuwa na dada? Kwetu mama mkubwa ni mama, haitwi hivyo kwa adabu tu. Kama yuko hai, nenda ukamtazame. Usimpigie simu. Nenda.

FundiWaTanga

Dada zangu, nimechelewa kurudi, nilikuwa na sare 14 za kukata. Dada Mapokezi, nakuombea. Krimu nimeirudisha. Piko nimeimwaga chooni.

MamaAsumini, neno lako lilinikalia kifuani siku tatu. Mama mkubwa yupo, yuko Pangani, ana miaka sabini na ushei. Namtumia pesa kila mwezi, lakini kukaa naye mchana mzima sikumbuki ni lini. Jumamosi nimepanda basi la asubuhi. Nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikamwomba avue ushungi. Akanishangaa, akauvua.

Kichwa chote cheupe, amekisuka mikia miwili. Kutoka puani kushuka mdomoni ana mikunjo miwili, wa kushoto umezama kuliko wa kulia. Wangu uko hivyohivyo. Nilimshika uso kwa mikono yote miwili, akaniacha, hata hakuuliza.

Nilipomweleza habari za piko akasema, "Mbona mama yako alikuwa na mvi tangu anakunyonyesha wewe." Sikuamini. Akaniambia alikuwa anazing'oa kwa kibano, barazani, asubuhi. Hapo nikakumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia kioo! Nilikuwa mdogo, miaka sita au saba, nilidhani anatafuta chawa, na alikuwa ananiambia, "Inua kidogo, mwanangu, inua." Na asubuhi ya ile picha ya studio, anasema mama mkubwa, alizing'oa mpaka wakakaribia kuchelewa.

Hina tutapaka pamoja wiki moja kabla ya harusi, na yeye anakuja kukaa kwangu mwezi mzima. Binti hajafurahi bado. Kanyamaza kwenye simu, kisha akauliza kama bibi naye atashonewa sare. Nimemwambia ndiyo, kitambaa kinatosha.

Nilimpima palepale barazani. Mabega inchi 15 na nusu. Ni yangu hayohayo.