Je, Wakorea warudishe herufi za Kichina kwa sababu ya neno "sagwa"?

Mzalia wa Tanga:
Waungwana, naomba tulijadili jambo linalowagawa Wakorea wenyewe kwa miongo mingi. Mwezi Agosti 2022 mkahawa mmoja mjini Seoul uliomba radhi mtandaoni kwa hitilafu iliyotokea katika kuandikisha wageni, ukasema unatoa "simsimhan sagwa", yaani radhi ya dhati. Baadhi ya wasomaji waliwaka hasira, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku "simsimhan" ni kitu kinachochosha au chakula kisichokolea, wala hawakujua kwamba lipo neno jingine la sauti hiyo hiyo, lililotoka Kichina, lenye maana ya kina kirefu. Hata "sagwa" lenyewe ni radhi na ni tufaha. Zamani maneno ya namna hii yaliandikwa kwa Hanja, yaani herufi za Kichina, kila moja na umbo lake. Leo yanaandikwa kwa Hangul, alfabeti ya Wakorea wenyewe, na hayatofautiani hata kwa nukta. Rai yangu ni kwamba Hanja zirudi shuleni kwa uzito. Asilimia 70 ya maneno ya Kikorea ni ya Kichina, na asiyejua asili ya maneno yake anasema kwa kinywa cha kuazima.

Binti Kilwa:
Ndugu Mzalia, maneno yako ya mwisho yamenichoma. Hiyo asilimia 70 hurudiwa kila mahali, lakini kamusi kubwa ya taifa ya Kikorea iliyotoka mwaka 1999 inaonyesha zaidi kidogo ya nusu tu, na mengi katika hayo ni maneno ya kitaalamu ambayo muuza samaki wa Busan hayatamki mwaka mzima. Sisi tulioambiwa tangu utotoni kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichovunjika tunaijua hoja hii inakotoka na inakoelekea. Neno likishakaa kinywani mwa watu kwa karne nyingi, ni lao. Isitoshe, kama sikosei, "sagwa" la tufaha ni la Kikorea asilia, kwa hiyo Hanja isingelisaidia.

Fundi Kamusi:
Mnagombania asilimia na kuliacha swali. Tazameni neno "bae". Ni tumbo, ni chombo cha baharini, na ni tunda la pea. Yote matatu ni ya Kikorea chenyewe, hayana Hanja hata moja. La nne ndilo lenye asili ya Kichina, nalo ni "maradufu". Mkorea husema alipanda bae, akala bae, bae likamuuma, na hakuna anayedhani jahazi limeliwa. Hanja ikirudi kesho, matatu ya kwanza yatabaki kama yalivyo.

Kilichopotea hapa si Hanja peke yake. Hangul ilipotangazwa mwaka 1446 iliandikwa na nukta kushoto mwa silabi: nukta moja kwa toni ya juu, mbili kwa toni inayopanda, na bila nukta kwa toni ya chini. "Nun" la jicho lilikuwa na nukta moja, "nun" la theluji nukta mbili. Nukta zikaachwa, ukabaki urefu wa irabu, na vijana wengi wa Seoul sasa hawautofautishi hata huo. "Mal" la farasi nalo lilikuwa na irabu yake, tofauti na ya "mal" la usemi. Herufi ya irabu hiyo iliondolewa katika tahajia ya mwaka 1933, ingawa wazee wa kisiwa cha Jeju bado wanaitamka. Nasi tuna barabara ya kupita na barabara ya sawasawa: maandishi ni yale yale, mkazo ndio unaoamua.

Mzalia wa Tanga:
Dada Binti, sikusema Kikorea kimevunjika, na sipendi kuwekewa maneno kinywani. Nasema habari ya mtoto anayesoma "uisa An Jung-geun" akadhani ni daktari. "Uisa" ni tabibu, lakini pia ni shujaa aliyejitolea kwa ajili ya haki; An ndiye aliyempiga risasi Itō Hirobumi, kiongozi wa Kijapani, kule Harbin mwaka 1909. Mtoto huyo amenyimwa historia yake.

Msafiri wa Daegu:
Niliishi Daegu miaka miwili, mji uliojulikana kwa matufaha. Tarehe 24 Oktoba mwanafunzi mwenzangu, ambaye tulikuwa hatusemezani kwa wiki nzima, aliweka juu ya meza yangu tufaha jekundu lililofungwa utepe, na kikaratasi chenye neno moja tu: sagwa. Siku hiyo watu hupeana matufaha kuombana radhi. Maana zote mbili zilikuwa mkononi mwangu kwa wakati mmoja, nami nililia.

Dada Binti, nakusahihisha kwa heshima: "sagwa" la tunda nalo lina Hanja, ile ya mchanga na ya tunda. Jina la zamani ni "neunggeum", na hata hilo mzizi wake ni Kichina. Ama kuhusu sheria, mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba sheria ya 2005 inayotaka nyaraka za serikali ziandikwe kwa Hangul haivunji katiba. Panapohofiwa utata, Hanja huruhusiwa ndani ya mabano.

Binti Kilwa:
Nimekubali kuhusu tufaha. Kuhusu mtoto wa Ndugu Mzalia, hakunyimwa historia na herufi, mwalimu hakumsimulia.

Mzalia wa Tanga:
Basi nijibuni hili. Kitambulisho cha Mkorea kina jina lake kwa Hangul, na pembeni, ndani ya mabano, jina lilo hilo kwa Hanja. Wasichana wawili wanaitwa Ji-su, lakini wazazi wa kila mmoja walichagua Hanja tofauti, na maana tofauti. Kama sauti inatosha, kwa nini wazazi bado wanahangaika kuchagua?