Skana ya negativu za zamani: Epson V600, Plustek 8200i, au kamera na lenzi ya makro?

MwanaChumbageni (Tanga)
Wakuu, salaam. Marehemu baba alikuwa mpiga picha, alikuwa na studio yake hapa mjini. Baada ya arobaini tumefungua kabati lake tukakuta makopo matatu ya biskuti yamejaa negativu, kila fungu kwenye bahasha ya kaki yenye mwandiko wake wa penseli. Nyingi ni za mraba, 6x6 (sentimita), nyeusi na nyeupe. Zilizobaki ni vipande vya mikanda ya 35 mm ya rangi, ya miaka ya themanini.

Kumi za majaribio nilizipeleka duka moja. Walinipa JPEG ndogo ambazo ukizivuta kidogo uso unapotea, na kipande kimoja kilirudi kimekatwa katikati ya picha. Hazitoki tena nyumbani. Nimebaki na njia tatu: Epson V600 (skana bapa ya mezani), Plustek 8200i (skana ya filamu tu), au kamera yangu ya megapikseli 24 niiongezee lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Mngekuwa ninyi mngechukua ipi? Nawasilisha.

FilamuBado (Nairobi)
Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Mimi ninayo 8200i na ninaipenda, lakini kwako haifai. Inapokea 35 mm peke yake. Negativu ya 6x6 haiingii hata ufanyeje, na hizo ndizo nyingi kwenye makopo yako. Kabla ya kuangalia namba zilizoandikwa kwenye boksi, pima filamu zako kwanza.

Kwa 35 mm, hapo ni habari nyingine. Wanaandika 7200 dpi (nukta kwa kila inchi). Wanaoipima wanapata kama 3,200 za kweli, na hizo zinatosha: fremu moja inakupa karibu megapikseli 14, unaprinti sentimita 38 kwa 25 bila wasiwasi. Ubaya wake ni kwamba kila fremu unaisukuma kwa mkono. Mkanda wa 36 unakula jioni nzima.

KibodiNaChai
Nakubaliana na mkuu hapo juu, ila V600 nayo isemwe ukweli wake. Boksi linasema 6400 dpi. Za kweli hazizidi sana 1,600. Ukiiweka 6400 unapata faili kubwa lenye ukungu uleule. Mimi naiweka 2400 na kuishia hapo.

Sasa piga hesabu. Fremu ya 35 mm kwa 1,600 ni megapikseli tatu na kitu, picha ya albamu tu. Lakini 6x6 ina upande wa milimita 56, kwa hiyo skana hiyohiyo inakupa zaidi ya megapikseli 12, na unaprinti sentimita 30 kila upande. Kishikio chake kinabeba kipande cha 120 (filamu pana, ndiyo yenye hizo 6x6) cha hadi sentimita 22, yaani fremu tatu kwa mkupuo, au fremu 12 za 35 mm. Kwa mzigo wako mimi ningechukua V600 leo.

Na vile visanduku vya bei rahisi vyenye kioo kidogo juu, kama Kodak Slide N Scan, usivihangaikie. Ni kamera ndogo ndani ya boksi, vinatoa JPEG tu na 120 havipokei.

MwangaWaPembeni (Dar)
Mbona kamera mnaipita haraka hivyo? Kamera anayo tayari! Lenzi ya makro ya 1:1 (inayopiga kitu kwa ukubwa wake halisi), stendi imara, na taa bapa nyeupe yenye CRI (kipimo cha uhalisi wa rangi) ya 95 kwenda juu. Ukishapanga vizuri, kila negativu ni sekunde kumi, wakati skana inasaga dakika kadhaa.

Kazi iko kwenye kupanga. Kamera ikiinama kidogo tu, kona moja inakosa makali. Mimi naweka kioo kidogo cha kujitazamia pale negativu inapokaa, naangalia ndani ya kamera mpaka duara la lenzi lijione katikati kabisa. Hapo imenyooka. Kisha nazima taa za chumbani na kuzunguka negativu naweka karatasi nyeusi, mwanga wa pembeni usivuje. Nyeusi na nyeupe unageuza tu mkunjo wa toni kwenye programu yoyote ya picha. Za rangi ndizo ngumu kwa sababu ya ile rangi ya machungwa ya filamu. Mimi natumia Negative Lab Pro, programu ya kugeuza negativu, ndani ya Lightroom Classic.

FilamuBado
Kwa mwenye stendi na mkono uliozoea, sawa. Kwa anayeanza na makopo matatu, naona atapanga wiki mbili kabla hajapata picha moja.

BibiWaOldTown (Mombasa)
Mwanangu, kabla ya mashine, hali ya filamu. Sisi wa pwani adui yetu ni unyevu. Ukifungua kopo likanuka siki, filamu hizo zimeanza kuoza. Zitenge na nyingine na uziskani mwanzo. Ukiona utando kama buibui, hiyo ni kuvu. Usipanguse kwa maji abadan: kuvu hulainisha ule upande wa picha, ukitia maji unaondoka nao. Tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na pamba laini, taratibu. Zilizogandana usizibandue kwa nguvu. Vumbi lipulize kwa mpira wa kupuliza, sio kwa mdomo.

Na jambo jingine: usilipie zaidi kwa ajili ya infraredi ya kuondoa vumbi, yaani mwanga usioonekana ambao skana hutumia kutambua uchafu. Kwa negativu za rangi inasaidia sana. Kwa nyeusi na nyeupe za kawaida haifanyi kazi, maana madini ya fedha yaliyo ndani ya filamu huziba ule mwanga na mashine hudhani picha yenyewe ni uchafu. Izime.

MwanaChumbageni
Wakuu, nimerudi. Nimechukua V600 ya mtumba, nimeiweka 2400 dpi, TIFF ya biti 16 (faili kubwa linalohifadhi toni nyingi kuliko JPEG), infraredi nimezima kama alivyosema bibi. Faili moja linafika megabaiti 56, kwa hiyo nimenunua na diski ya nje. Kopo la pili lilinuka siki, nikaanza nalo.

Juzi usiku nikafika bahasha iliyoandikwa jina la mama. Amekaa kwenye kiti cha studio, pazia nyuma, mimi sijazaliwa. Zile JPEG za dukani zilikuwa na picha hii, na kanga yake ilikuwa doa la kijivu tu. Safari hii nimevuta mpaka pindo, na maandishi yanasomeka, herufi kwa herufi, pamoja na uzi uliochomoka kwenye mkunjo. Nikamwita mama. Aliisoma kwa sauti, akakaa kimya, kisha akaniambia kanga hiyo baba ndiye aliyemnunulia.

Nimemaliza bahasha 31. Za rangi za 35 mm bado sijazigusa, hizo V600 itazionea. FilamuBado, siku ukitaka kuuza hiyo Plustek, niambie mimi kwanza.

FilamuBado
Nimebakiza mikanda kama ishirini ya mzee wangu. Nikimaliza ni yako, na kishikio cha slaidi nakuwekea.